Muzee wangu anajua yeye ndiye komanda wa roketi

Binti yangu ametengeneza filme, na baba yake, muzee wangu, ndiye anacheza ndani. Filme ya roketi, ya watu wanaoishi kwenye mwezi, lakini wamevaa kama wakati wa Wabelgiji: robe, magauni ya kiuno chembamba, glavu nyeupe, kofia. Nguo zote nilishona mimi, kwa mashine yangu ya hapa mtaani Mabanga, na masomo yangu yaliishia shule ya primaire. Bonjour admin wa groupe hii, ufiche jina langu. Niko mama wa miaka hamsini na mbili, watoto watano. Huyu ni wa tatu, na akili alitoa kwangu.

Sasa shida. Katika filme za zamani za namna ile, bwana anaruka na roketi, bibi anabaki na aproni, anangoja. Binti yangu aligeuza. Komanda ni mwanamke, anacheza yeye mwenyewe. Baba yake ndiye anabaki nyumbani, anapika, anabembeleza mutoto.

Muzee hajui. Walipiga picha vipande vipande, mwisho kwanza, mwanzo nyuma, na yeye hakusoma karatasi hata moja. Alipoona koti jeupe la vifungo vya dhahabu akasema, hili ni la mukubwa, la komanda. Kumbe ni koti la kumpokelea bibi akirudi. Nikamufunga vifungo tu. Siku ya aproni akauliza, komanda na aproni wapi na wapi? Nikamujibu, "Papa, komanda naye anapumzika." Ni mimi nilisema vile. Niliogopa atakataa, filme ya mutoto ife.

Juzi binti alinionyesha yote. Pale muzee anasimama dirishani, mutoto mgongoni, anatazama roketi inapotea, nililia. Hakuna mutu alicheza kumupita. Halafu nikakumbuka ndugu zake, hao wenye wanamucheka hata akibeba bidon ya maji. Nikamuomba binti akate kipande kile. Akaniangalia, akasema polepole:

"Mama, kazi papa anafanya pale, wewe umeifanya miaka makumi tatu. Ulikuwa unasikia aibu?"

Kipande hakikukatwa.

Na muzee anazunguka mtaa wote wa Majengo anaalika watu waje kuona filme. Jana ameniomba nipige pasi lile koti, atalivaa siku ile. Nimwambie, akatae kuja, mutoto aumie? Ao ninyamaze, ajione mbele ya ndugu zake? Mama zangu, ba papa, mungekuwa mimi mungefanya nini? Mujibu haraka. Ni Jumamosi hii, saa tisa, kwenye ukumbi, salle ya parokia, na viti vya mbele vyote amewawekea ndugu zake.