Mrija Ulioshonewa Kaniki

Majina yao wote ninayo kichwani, na siyaandiki, kwa kuwa mjukuu wangu amelelewa kwao na anawapenda.

Binti yangu mdogo alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mwaka ule wa fujo, watu walipochomewa nyumba, alishinda kutwa nzima amejifungia na wenzake chumba cha kufulia. Tangu hapo akawa anashikwa. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, anahema kama aliyeopolewa majini. Alikuwa ameolewa Msambweni, na mtoto wake wa kiume ndio kwanza anatambaa. Kwa mumewe wakasema ni pepo.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Moyo mzima, mapafu mazima. Nesi mmoja, mtu wa bara, akatuita kando.

"Mama, huyu anashikwa na hofu. Akianza, avute hewa kwa pua, halafu aitoe kwa hiki, polepole."

Akampa kijirija cha plastiki, urefu wa kidole cha shahada, tundu lake jembamba. Binti yangu akacheka.

"Mama, mtu mzima mimi ninyonye mrija kama mtoto aliyenunuliwa soda?"

"Hujaambiwa unyonye. Umeambiwa upulize. Basi puliza."

Kilimfaa, wallahi. Alikifunga kwenye pindo la leso. Akishikwa anaketi, anapuliza, rangi inamrudia, anaendelea na kukuna nazi yake.

Mavyaa wake, mama wa mumewe, hakukipenda. Kwao, kupulizapuliza kitu ndani ya nyumba ni kuita wasioonekana.

"Mwanangu, wamwita nani humo? Nipe nikakisomeshe kwa mganga, kiwe salama."

Binti yangu akakitoa kwa adabu. Mganga akakirudisha kimejazwa dawa, kimezibwa nta pande zote mbili, kimeshonewa ndani ya kaniki, kina uzi wa kuvaa shingoni.

"Sasa kina nguvu," mavyaa akasema. "Ulikuwa ukitembea na kitu kitupu."

Hirizi haifumuliwi. Angeifumua, kisha mtoto apate homa, lawama ingekuwa ya nani? Akaivaa.

Ikaja harusi ya wifi yake. Nilikuwapo. Alishikwa katikati ya wanawake, vigelegele vimepamba moto, nikamwona anashika kile kitu cheusi, anakipeleka mdomoni, anapuliza kitambaa. Akapuliza tena. Akaanguka mbele ya bibi harusi.

"Pepo wa kwao hawa," mmoja akasema. "Wa upande wa mama." Nami nimesimama hapohapo, sinia la pilau mikononi.

Talaka aliileta mjomba wa mume, pamoja na binti yangu, kwa heshima kabisa, na chai yangu akanywa. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Bimkubwa, mtoto wa kiume halelewi penye pepo."

Alipoondoka nikachukua wembe, nikaifumua ile kaniki aliyoivua. Nikachokoa nta kwa sindano, nikakiosha kile kijirija kwa maji ya moto mpaka kikapitisha hewa, nikampelekea binti yangu jikoni alipokuwa ameketi anahema.

Hakunyoosha mkono.

"Mama, nikipumua vizuri ndio nitarudishiwa mwanangu?"

Nikakifunga kile kijirija kwenye pindo la leso yake, nami nilijua harudishiwi.