Ndugu wa Kitanda cha Sita

Watu wakisimulia mambo haya, inakuwa ni usiku, ni njia panda, ni mbwa wanalia. Mimi sikuona usiku. Mimi niliona saa kumi jioni, jua la Musoma linaingia dirishani, wodi imejaa watu na harufu ya samaki wa kukaanga. Pombe sinywi, na homa sikuwa nayo. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshachekwa sana.

Mimi ni muuguzi, wakati huo nilikuwa wodi ya wanaume. Ili mnielewe, niwaambie kitu kimoja: mgonjwa wa kiharusi haponi kwa dawa peke yake. Anapona kwa mikono. Ageuzwe kila baada ya saa mbili asitoke vidonda mgongoni, vidole vikunjuliwe, goti likunjwe na kunyooshwa, asubuhi na jioni. Sisi tuko wawili kwa zamu, wodi imejaa. Tunafanyaje? Tunamfundisha ndugu. Ndugu anakaa hapo, anaosha, analisha, ananyoosha viungo, na akishajua ndiyo tunamruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Na asiye na ndugu? Huyo, jamani, anaozaga tunamwangalia.

Mzee Mafuru aliletwa kutoka Bukima na wavuvi waliomkuta ameanguka kwenye shamba lake la mihogo. Upande wa kulia wote umekufa, ulimi umefungwa. Walimlaza kitanda cha sita wakaondoka zao. Siku nne hakuja mtu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, vitanda vyote vinazungukwa, kwake peupe. Na yeye anaangalia mlango tu. Iliniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja, nikirudi kutoka zamu nasalimiana na jiko.

Siku ya tano akaja mama mmoja mzee, mwembamba, kitenge cha kijani kifuani, hana kikapu wala chupa ya uji. Akasimama kando ya kitanda cha sita. Ukali wangu unajulikana, nikamvamia hapo hapo.

"Mama, ndiyo unakuja leo? Siku zote ulikuwa wapi? Mumeo huyu ataoza! Njoo hapa nikufundishe."

Alitabasamu tu akanyoosha mikono. Nikaweka yangu juu ya yake, nikamwonyesha namna ya kukunjua kidole kimoja kimoja. Mikono ilikuwa ya baridi kweli, nikasema basi, ametoka kunawa bombani. Wewe ungesemaje?

Wiki tatu alikuja kila jioni. Niaminini, sijawahi kufundisha mtu akashika kazi upesi vile. Nami nikazoea kukaa hapo. Nikawa namsimulia mambo yangu: mwenye nyumba anavyonisumbua, yule mwanaume aliyeniacha akaoa mwalimu huko Bunda. Siku moja nililia kabisa. Yeye ananisikiliza, mikono inaendelea na kazi. Mtu anayekusikiliza hivyo utamuuliza jina? Mimi sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mzee akaanza kufungua kiganja. Goti likakubali. Akafika mahali pa kusimama ameshika chuma cha kitanda, ingawa maneno bado hayatoki. Jioni hiyo aliposimama, yule mama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Sasa endelea wewe," akaniambia.

Nikadhani amechoka, anataka nimpokee. Kesho yake hakuonekana, na daktari akapita akasema mzee aende nyumbani. Nikaandika kwenye faili: mke amefundishwa mazoezi, anaweza. Nikasaini. Gari la wagonjwa likampeleka Bukima.

Siku mbili baadaye nikafuatwa wodini na jirani yake, Mama Bwire, amefura.

"Sista, ndiyo kazi gani hii? Mmeniletea mtu hawezi hata kwenda chooni, dereva ananionyesha karatasi eti mke anaweza. Mke gani? Nyangeta tulimzika mwaka juzi! Na watoto hawakujaliwa."

Nikamwelezea yule mama, kitenge, wembamba, alivyotabasamu. Mama Bwire akakaa chini sakafuni. Nikamgeukia mgonjwa wa kitanda cha saba, aliyekuwepo siku zote hizo, nikamuuliza na yeye. Akaona aibu kunijibu.

"Sista, sisi tulikuwa tunakuona wewe peke yako. Unamnyoosha mzee, unaongea, unalia. Tukasema kazi imemzidi, tumwache."

Niliogopa, sikatai. Ila hofu ilipopungua nikakumbuka kwamba kuna mtu kalala Bukima kwa saini yangu. Jumamosi nikaenda.

Nilimkuta mkono umejikunja tena, kifuani. Ulimi ulikuwa umeanza kufunguka. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Nyangeta yuko wapi?"

"Na wewe ulikuwa unamwona, mzee?"

"Alikujaga kila siku kule. Huku haji. Nirudishe wodini, binti yangu."

Nikashika mguu wake nianze mazoezi, akaukaza. Hakutaka. Akasema, "Nikipona atakuja kufanya nini?"

Mungu wangu. Mguu ukikazwa hivyo mwezi mmoja, basi tena, hatasimama maisha yake yote. Nikafanya kosa la pili, na hili nilifanya kwa makusudi. Nikamwambia, "Amenituma kwako. Amesema ukitembea mwenyewe hadi pale alipolala, utamkuta."

Akaulegeza mguu.

Miezi mitano, kila Jumamosi, na siku za katikati Mama Bwire anamfanyisha kama nilivyomwonyesha. Alijituma yule mzee mpaka anatoka jasho la kudondoka. Mwezi wa sita tukatoka nje, fimbo mkono wa kushoto, mimi nimemshika wa kulia, hatua kwa hatua mpaka kaburini, nyuma ya nyumba, palipo na mihogo.

Nyangeta alikuwepo. Naapa. Amesimama upande wa pili wa kaburi na kitenge kile kile, mchana kweupe, kama mlivyo ninyi mbele yangu. Mzee akatazama huku na huku, akatazama mpaka ziwani.

"Yuko wapi, binti yangu?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Yule mama akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Sijui, mzee," nikasema.

"Umenidanganya."

Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. Akageuka, akarudi nyumbani mwenyewe, bila kushikwa na mtu, kwa mara ya kwanza. Akafunga mlango. Nilipotazama tena kaburini hapakuwa na mtu.

Sasa hivi mzee Mafuru anachota maji mwenyewe na kujipikia. Kwenye faili amepona. Nimekwenda mara tatu kumjulia hali, anaitikia akiwa ndani, mlango hafungui. Mimi nilihama nikaja Bunda, na hata huku namwona Nyangeta pembeni ya vitanda vya wagonjwa wasio na ndugu, ananisubiri nianze. Naanza. Wenzangu wanasema nimepagawa na kazi.

Wauguzi wenzangu, ulizeni jina, mtajiwe na kijiji na mtu wa pili anayemfahamu, ndipo mwandike. Nawe uliye na mzee wako amelazwa mahali, nenda leo, usitume salamu. Lakini zaidi ya yote, mtu mpweke usimwahidi kwamba atamkuta mtu. Mpe uji, mnyooshe miguu, kaa naye mpaka giza liingie. Usimwahidi mtu. Mimi nilimwahidi, akatembea, na sasa anatembea ndani ya nyumba ile peke yake kutwa nzima.