Hoteli Aliyosingiziwa Ozella

Vernetta Gaddis alisimama mbele ya ukoo mzima, kipaza sauti mkononi, akasema kwamba hoteli iliyowafukuza wazee wao sebuleni ilichaguliwa na binamu yake Ozella. Ulikuwa uongo, naye alijua ni uongo, maana aliyeichagua ni yeye mwenyewe.

Akina Gaddis hukutana kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Julai. Wanatoka Alabama, wanatoka Detroit, wanatoka kila mahali kazi ilikowatupa babu zao. Ikiwa zamu ya Atlanta, hakuna nyumba ya kulaza watu themanini, kwa hiyo lazima hoteli, na hoteli lazima mtu aichague. Kazi hiyo Ozella aliirithi kwa mama yake. Shule hakumaliza, alitolewa akiwa binti mdogo ili amuuguze bibi yake, na tangu hapo amekunja mashuka kwenye dobi la hospitali. Vernetta alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu. Basi katika ukoo ule Vernetta ndiye aliyepewa kusema, na Ozella akapewa kutafuta mahali pa kulala.

Alitafuta hoteli za wastani, si zile za bei ya kumtoa mtu roho, wala zile za kunguni. Alizitafuta Harlan Grove, mtaa mtulivu nje ya jiji, ambako gari halilipiwi maegesho na watoto hawagongwi wakivuka kwenda kununua barafu. Alikwenda mwenyewe, tena Jumamosi, kwa sababu siku za kazi hoteli yoyote ni kimya kama msikiti. Akiingia alianza kwa kukaa. Kiti alichoshindwa kuinukia bila kushika kitu, magoti ya wazee wake yangekiweza vipi? Kisha alikwenda mapokezi akasema maneno aliyofundishwa na mama yake:

"Sisi ni ukoo wa watu weusi themanini. Tunacheka kwa sauti. Wazee wetu watakaa sebuleni hapa mpaka usingizi uwachukue, na dhumna zitagongwa mezani. Kama hilo linawakera, niambieni leo, msingoje tufike na mabegi."

Halafu aliangalia uso. Mdomo wa mapokezi umefundishwa kutabasamu, lakini uso una ukaidi wake.

Mwaka ule wa balaa alikuwa amechagua Pine Lantern, hoteli ya ghorofa tatu jirani na wauza kuku wa kukaanga. Vernetta alipoiona picha yake alisema inafanana na zahanati. Akaibadilisha kimyakimya, akachukua Fontaine House, mtaa uleule, yenye chemchemi mlangoni na uwanja wa gofu nyuma. Kwa kuogopa kuulizwa maswali, akawaambia watu wa hoteli kwamba wanaokuja ni walimu wakuu wastaafu, wana mkutano wao. Ozella alipouliza kulikoni, akajibiwa kuwa Pine Lantern imejaa na asijisumbue.

Fontaine House ikangoja walimu wakuu wastaafu. Ikapata akina Gaddis wenye fulana za zambarau, watoto waliolowa maji ya bwawa, na Baba Mdogo Thurman akiburuta sanduku la vinywaji. Ijumaa jioni, samaki wakiwa wameliwa na dhumna zimechangamka, meneja alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akaja na mlinzi. Shangazi Clotee, mkubwa wa ukoo, mwanamke ambaye hajaambiwa "nyamaza" tangu alipoondoka Alabama, akaambiwa ainuke aende chumbani. Sofa ilikuwa ya chini, magoti yakakataa. Ikabidi watu wawili wamvute kama gunia, wageni wa gofu wakitazama.

Kesho yake, kwenye chakula cha jioni, ndipo Vernetta alipokishika kile kipaza sauti. "Mnajua hoteli za ukoo huu huchaguliwa na nani," alisema. "Ozella, mpenzi wangu, safari hii ulituangusha."

Ozella alikuwa ameshika kisu cha kukatia keki. Shangazi Clotee alikuwa anatimiza miaka themanini na sita usiku ule, amevaa kofia yake ya manyoya, anangoja kuimbiwa. Ozella aliona kwamba akifungua kinywa, sherehe itageuka mahakama. Akakata keki.

Kunyamaza kule kulimponza. Watu walisema aliyenyamaza amekiri. Akabandikwa jina, Bi Funga-Mabegi, na hata watoto waliokuwa bado hawajajua kufunga viatu walilijua. Shangazi Clotee hakumtania. Alimtazama tu, na macho yale yalimuuma Ozella kuliko jina. Ozella alimweleza kaka yake Dorsey ukweli wote. Dorsey akauliza Vernetta angefanya hivyo kwa faida gani, kisha akamshauri ayaache, maji yakimwagika hayazoleki. Rahisi kusema hivyo, ukiwa si wewe uliyemwagiwa.

Zamu ya Atlanta iliporudi, Vernetta alichagua jengo refu katikati ya jiji, lenye lifti za kioo. Hakumuuliza Ozella kitu. Lakini Shangazi Clotee alipiga simu. Alisema lifti ya kuona nje si yake, yeye si ndege. "Nitafutie mahali penye kiti chenye mikono," alisema. "Na safari hii, Ozella, unitafutie vizuri."

Safari hii. Ozella aliweka simu chini, akabaki amesimama jikoni na maneno hayo mawili.

Jumamosi akamtoa Dorsey kitandani amwendeshe. Dorsey alilalamika njia nzima, akauliza kama wafunge mabegi sasa hivi au wangoje wafike. Hoteli ya kwanza ilikuwa na viti vya plastiki kama sahani. Ya pili ilikuwa na viti vizuri, ila binti wa mapokezi alisema vikundi vya aina hiyo huweka amana. Ozella akamuuliza ni aina ipi. Binti akatafuta jibu kwenye kompyuta yake, na mpaka wanatoka alikuwa bado hajalipata.

Wakapita mbele ya Fontaine House. Dorsey akapunguza mwendo, akasema hii hapa nyumba yako, dada, shuka ukasalimie.

"Egesha," Ozella alisema.

Aliingia, Dorsey akimfuata, akakaa kwenye sofa ileile, makusudi, akainuka kwa taabu, makusudi pia. Meneja alikuwa yuleyule. Ozella akasema maneno ya mama yake yote, bila kuruka hata moja. Yule bwana akamsikiliza, akashusha pumzi, akasema kwa adabu kwamba kusema kweli pasingewafaa. Wageni wa pale wanafuata ukimya.

"Ahsante. Mwaka ule ungetujibu hivi, shangazi yangu asingevutwa kwenye sofa hii."

Meneja alimtazama vizuri, akakumbuka. Akasema hata wao walishangaa, maana mama aliyepiga simu kuchukua vyumba alisema ni walimu wakuu wastaafu.

Garini Dorsey hakuwasha injini. "Walimu wakuu," alisema.

"Wastaafu."

"Sisi tunaye mmoja tu."

"Hesabu umeiweza. Twende."

Pine Lantern palikuwa na viti vya mbao vyenye mikono, vimepangwa duara. Mwenye hoteli, Bi Hansa, mama wa Kigujarati mwenye miwani kifuani, alisikiliza habari ya kelele mpaka mwisho bila kukunja uso. Akasema mwezi uliopita jamaa zake walifanya harusi hapo, bwana harusi akaja na farasi mpaka kwenye maegesho. Je, wao wana farasi?

"Hatuna. Tuna Baba Mdogo Thurman."

"Anauma?"

"Akifungwa dhumna."

Ozella akachukua vyumba.

Habari za wale walimu wakuu zikatembea, Dorsey akiwa mpiga mbiu. Thurman akahamia Pine Lantern, wa Detroit wakafuata, na nusu ya ukoo ilikuwa imehama Vernetta alipopiga simu. Alianza kwa afya, akapita kwenye hali ya hewa, kisha akasema Ozella anaugawa ukoo. Ozella akajibu kwamba hajamwita mtu. Amemtafutia mzee kiti. Sauti ya Vernetta ikalainika. Akasema ni kweli pengine kulikuwa na kutoelewana, yeye aliona aibu tu, aliogopa watu wa gofu wangewaonaje. Jina la Ozella, lililofutwa kwenye orodha ya waandalizi, litarudi kwenye fulana za mwaka huu. Yaishe.

"Ulikuwa na kipaza sauti uliponitukana," Ozella alisema. "Usiniletee samahani kwa simu."

"Binamu, unataka nijivue nguo mbele za watu?"

"Zangu ulizivua, na keki nikakata."

Vernetta akasema moyo wa namna hiyo utampeleka pabaya. Ozella akamwambia ukimpeleka, atahakikisha kwanza kuna viti.

Kipaza sauti ameshakiomba kwa Bi Hansa. Kitakuwa Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa kifungua kinywa. Chumba cha Vernetta pia ameshakiweka, ghorofa ya chini, ukuta mmoja na mashine ya barafu inayounguruma mchana kutwa na usiku kucha. Yeye na utulivu wa mtaa ule hawatasumbuana.

Shangazi Clotee bado hajaambiwa ukweli na mtu. Dorsey alitaka kumwambia, Ozella akamkataza. Kulipa deni la mwingine ni kumfuta mdaiwa kwenye daftari. Vernetta Gaddis anadaiwa sentensi moja, fupi, "Hoteli ile niliichagua mimi," aiseme kwa kipaza sauti, ukoo mzima ukisikia, na aiseme Shangazi Clotee akiwa bado hai, amekaa kwenye kiti anachoweza kuinukia mwenyewe.