Nyumba Niliyoimalizia Msalato

Watu wa Dodoma hawakukatalii usoni. Nilizunguka na dalali nyumba baada ya nyumba, na kila mwenye nyumba alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha lafudhi yangu ya Mombasa ikaniumbua. "Kumbe dada ni Mkenya," wanasema, wakitabasamu. "Basi tutawasiliana." Hakuna aliyewasiliana. Dalali akanishauri ninyamaze, aongee yeye. Mimi kunyamaza sikujaliwa.

Nyumba niliitaka kwa ajili ya binti yangu. Baba yake, ambaye tumeachana, alikubali mtoto aje kukaa nami Dodoma nikishapata nyumba yenye chumba chake, kabla shule hazijafunguliwa. "Gesti hailei mtoto," aliniambia. Mtoto alikuwa kwake Mombasa, pamoja na mke wake mpya. Mimi nilikuwa kwenye gesti karibu na stendi, nikisikiliza watu nisiowajua wakikohoa upande wa pili wa ukuta.

Ndipo dalali akanipeleka Msalato, nje kidogo ya mji, kwa mama mmoja mjane, nesi mstaafu, mwenye sauti laini hata unainama kumsikia. Nyumba yake ilikuwa na kuta na bati, basi. Hakuna madirisha, hakuna dari, sakafu ni udongo. Huku ni jambo la kawaida: mpangaji anaimalizia nyumba kwa fedha zake, kisha anakaa bila kulipa kodi mpaka gharama zake zijilipe. Dalali akasema twende kwa mwenyekiti wa mtaa tuandikishane. Yule mama akanitazama kwa huzuni, kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

"Mwanangu," akasema, "mimi na wewe ni watu wa kuandikishana?"

Nikaona haya. Mgeni wewe, umeitwa mwana mbele ya watu, unaanzaje kudai karatasi? Dalali alijikuna shingo, akaangalia pembeni. Nikasema basi, yaishe.

Nilijenga kama nimerogwa. Nikitoka kazini napitia kwa mafundi, narudi gesti nywele zimejaa vumbi jekundu, nachana vumbi, nalala. Mama alikuja kila jioni na bakuli la mboga ya mlenda, akakagua. "Hapo ungeweka vigae vikubwa, mwanangu, vidogo vinachafua macho." Nikaweka vikubwa. Dirisha la sebuleni akaliona dogo, nikabomoa, nikapanua. Binti yangu nilimwonyesha nyumba kwa simu, akachagua chumba kinachotazama kilima. Akaniuliza kama kuna nyoka. Nikamwambia wapo, ila wa Dodoma wana adabu, wanabisha hodi. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Nilikuwa na furaha, sitaficha.

Nyumba ilipokwisha, mama akasema haiingiwi bila maombi. Sawa. Nikapika pilau mwenyewe, wakaja majirani na watu wa kanisani kwake, akaja na mwanawe anayefanya biashara Kondoa. Tukafumba macho. Mzee wa kanisa akaombea kuta, akaombea mlango, kisha akasema, "Bwana, wabariki kijana wetu na mchumba wake, wanaokwenda kuanza maisha ndani ya nyumba hii."

Nikaitikia amina na wenzangu. Amina ilikwishatoka ndipo maneno yalipoingia. Nikafumbua macho. Yule mwanawe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha binti yangu, ameshikana mkono na msichana aliyevaa gauni jipya.

Ningengoja wageni waondoke? Thubutu. Nilimuuliza mama pale pale, watu wakiwa na sahani zangu mikononi. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mtoto wa kiume akioa nimweke wapi? Hela yako nitakurudishia kidogo kidogo. Wewe hapa unapita tu, kwenu kupo."

Nikamwita mwizi. Nikarudia, asije akasema hakusikia.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa akatuita. Nilikwenda nikijua mimi ndiye mlalamikaji. Kumbe nimeshtakiwa, kwa kumtukana mtu mzima mbele ya wageni wake. Mwenyekiti akaniuliza karatasi. Sina. Akamuuliza dalali, naye akasema kazi yake ni kuonyesha nyumba, mengine hayajui. Basi mwenyekiti akaniambia kwa upole nimwombe mama msamaha kwanza, ya nyumba yatazungumzika.

Nikapiga magoti. Mimi huyu. Ningelamba hata hiyo sakafu, ilimradi mtoto aje.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe." Akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Nikamuuliza habari ya nyumba. "Si tumekwisha kupatana?" akasema, na mwenyekiti akasimama, akatushukuru kwa busara yetu. Yule mama namchukia mpaka leo, na sihitaji ushauri wa mtu juu ya hilo.

Nilipompigia baba wa mtoto, hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alisema tulipatana nyumba, nyumba haipo, na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Akampa binti yetu simu. Nikamwambia asije kwanza.

"Nimeshafunga begi," akasema.

"Najua, mama."

Akaniuliza sasa chumbani kwake atalala nani. Nikamwambia ukweli, maharusi. Akasema sawa. Hakulia, na mimi nilitaka alie.

Yule mke wa baba yake, binti yangu siku zote alikuwa akimwita anti. Nilimsikia akisogeza simu mbali na mdomo.

"Mama," akaita kule ndani, "nguo zangu nizirudishe kabatini?"