Mwalimu Aliyejipinga kwa Kura

Jumanne nilipanga foleni katika benki moja mjini Kisii, nyuma ya mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Nyansiongo. Alikuwa na hisa mia mbili za kampuni fulani ya Nairobi, na wakurugenzi walitaka mwaka huu wenye hisa wasipate gawio la faida. Mwalimu alikuwa ameleta fomu yake ya kura. Aliandika HAPANA kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini yake.

Karani aliisoma, akajikuna shingo.

"Mwalimu, nitaituma. Lakini kuna shirika la bima lenye zaidi ya nusu ya hisa, na limeshakubali."

"Mashirika mangapi?"

"Moja."

"Hata mimi ni mmoja."

"Zinahesabiwa hisa, Mwalimu, si vichwa."

"Na pesa za kununua hisa zote hizo walitoa wapi?"

"Kwa wateja wao, wale wanaolipa bima kila mwezi." Akalitaja shirika lenyewe.

Mwalimu akavua miwani. "Hao walinikata bima kwenye mshahara miaka kumi na minane!"

Karani akainamisha macho. "Basi Mwalimu, ni kama ulishapiga kura."

"Nikasemaje?"

"Ulikubali."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliisukuma fomu chini ya kioo.

"Itume hivyo hivyo. Wajue kwamba hata mimi sikubaliani na mimi."

Nilipofika nyumbani nilizitafuta karatasi zangu za bima, nione ni mambo gani mengine nimekubali bila kuambiwa.