Upepo Ulioyaleta Maji Mapema

Heinke alikuwa na saluni ya nywele mjini Büsum, kwenye pwani ya Ujerumani. Bahari aliiona kila siku kupitia dirisha, lakini hakuwahi kuikanyaga tangu kaka yake alipozama. Jumapili ile mashoga zake, Gesche na Almut, walimbembeleza hadi akakubali kutembea nao kwenye tope la pwani, maji yakiwa yamekupwa.

"Twende, mwoga wewe!" Gesche alimtania. "Maji yenyewe yako mbali kule!"

Walikuwa mbali na tuta lililojengwa kuzuia bahari upepo ulipochacha. Walipogeuka kurudi, mfereji waliouruka wakicheka ulikuwa umekuwa mto. Upepo ulikuwa umeyasukuma maji kabla ya wakati wake. Almut akavuka kwanza, maji yakimfika kiunoni. Gesche akamfuata, akatitia kwenye tope hadi magotini.

"Nimenasa! Heinke, usiniache, shoga yangu!"

Miguu ya Heinke ilitaka kukimbia, ila akapiga magoti kwenye maji, akaanza kufukua tope kwa mikono.

"Achana na buti! Chomoa mguu!"

"Siwezi!"

"Utaweza! Vuta!"

Wimbi likamjaa mdomoni, akalitema, akaendelea kufukua. Mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili. Wakavuka wameshikana, maji kifuani, Almut akiwanyoshea mkono ng'ambo.

Juu ya tuta, kati ya kondoo waliokuwa wakila majani, Gesche aliangua kicheko, kisha kilio. Heinke hakulia. Alikaa akiyatazama maji, na kila wimbi lilipopiga mawe, alizidi kuubana mkono wa Gesche.