Kifungu cha Saba, Kati ya Akalla na Hallunda

Chama chetu cha Waswahili wa Stockholm kina mabaraza mawili, na lawama zote ni za Mkenya mmoja aliyetuandikia katiba. Alisema kwao kuna Bunge na Seneti, na sisi tusijidharau. Basi tukawa na Mkutano wa Wanachama, unaokaa Akalla, na Baraza la Wazee, linalokaa Hallunda na kusuluhisha ndoa. Jirani yangu Mswidi aliposikia aliniambia bunge lao pia liliwahi kuwa na mabaraza mawili, wakafuta moja zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Nikamwambia sisi ndio kwanza tunaanza.

Mimi nilikuwa katibu wa mabaraza yote mawili, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali.

Mama yangu, mzaliwa wa Bukavu, alitaka kiti katika Baraza la Wazee. Katiba, katika kifungu cha saba, iliwataja wanaume tu. Hoja yake ilikuwa fupi: kila mke na mume waliogombana walipitia jikoni kwake kwanza, na wazee wenyewe walinipigia simu kuuliza mama amesemaje. Alitaka awepo pale jambo linapoamuliwa. Mkutano ukabadilisha kifungu cha saba kwa kura nyingi, nami nikakipeleka Hallunda.

Nasema nikakipeleka, maana yake kwa miguu na treni. Wazee walishikilia kwamba jambo la heshima haliji kwa barua pepe. Huletwa na mtu, kama posa. Kwa hiyo nilipanda laini ya buluu hadi katikati ya mji, nikabadilisha, nikapanda nyekundu karibu hadi mwisho, bahasha mapajani. Nilipofika nilimsalimia mzee mmoja mmoja, nikaulizwa habari za nyumbani, yaani za mama, nikasema mzima. Ndipo bahasha ikafunguliwa. Wazee wakakubali, ila wakaongeza sharti: mwanamke awe ametimiza miaka sabini. Mama alikuwa na sitini na sita. Wawili kati ya wazee hao walikuwa hawajafika sitini.

Nikarudi Akalla. Mkutano ukafuta umri. Nikarudi Hallunda. Wazee wakaurudisha. Kufikia safari ya sita nilikichukia kifungu, nikawachukia wazee, na siku moja treni ilipopita kituo cha Liljeholmen nikajikuta nimemchukia na mama kidogo.

Katiba ilikuwa na dawa yake. Mabaraza yakishindwana, kila upande hutoa watu watatu, nao hukaa na kuleta andiko moja. Andiko hilo haliguswi tena: kila baraza husema ndiyo au hapana, na hapana moja tu inatosha kuliua. Kamati ilikaa Jumamosi nne, ikaleta hivi: mwanamke mmoja ataketi barazani, atasikilizwa, hatapiga kura. Umri haukutajwa. Wenyekiti wote wawili walisifu hekima iliyotumika. Wazee wakasema ndiyo. Akalla mikono ikainuliwa, hakuna aliyepinga, tukala pilau.

Nilimkuta mama akichambua maharage. Nikamsomea kifungu chote kwa sauti yangu ya ukatibu, hadi nukta ya mwisho.

“Bon,” akasema. “Na weye, mukono yako ilikuwa juu ao chini?”

Nikamwambia ilikuwa juu. Nikaeleza kwamba kingeanguka tungeanza upya, kwamba wazee wametoka mbali, kwamba kidogo si haba. Niliona aibu, na aibu ikanifanya nieleze zaidi.

“Kunisikiliza, bananisikilizaka hapa jikoni,” akasema, akaendelea kutoa mawe.

Hajawahi kwenda hata mara moja. Kila mwezi wazee wananiuliza, kwa heshima zote, mama yuko wapi, nami naandika kwenye kumbukumbu: hakuhudhuria, hakutoa udhuru. Udhuru wake naujua. Ni mimi.